Karatasi ya Usoke Niliyoshindwa Kuifungua

Ndani ya sanduku langu la nguo, chini ya kanga ambazo sizivai tena, kuna karatasi yenye mistari kumi na moja ya tarakimu tupu. Haina neno hata moja. Humo ndani mna jibu la swali nililomuuliza mwanaume mmoja nilipokuwa msichana, na mpaka leo sijui alinijibu nini. Kazi yangu ilikuwa kufunga na kufungua maandishi ya siri. Mikono hii imefungua karatasi za wakubwa mpaka nikachoka kuzihesabu, na hiyo moja iliyo yangu imenishinda. Nitawaeleza ilivyokuwa, ila mnivumilie, maana siwezi kufika kwenye hiyo karatasi bila kupitia kwenye kazi.

Naandika kwa sababu ya mjukuu wangu Rehema. Anasoma usalama wa kompyuta chuoni, na alipokuja likizo nilimkuta barazani kainamia daftari, uso kaukunja kama anayetoa mwiba.

"Unasoma nini, mama?"

"Usimbaji fiche, Bibi. Namna ya kuficha ujumbe ili mwingine asiusome. Ni vigumu, wewe utaona usingizi tu."

"Hebu nipe usingizi."

Akaanza kunieleza habari za ufunguo, na kwa nini ufunguo usitumike mara mbili. Nikamwachia mpaka akamaliza. Kisha nikamwambia, mama, hiyo kazi nimeifanya kwa penseli, na mshahara wake ndio uliomsomesha mama yako. Alicheka kwanza. Nilipomchorea jedwali kwenye vumbi kwa kidole, akafunga daftari lake akainama kulitazama. Mimi nimeishia darasa la nne, na siku hiyo niliringa mpaka magharibi. Naringa mpaka sasa.

Basi sikilizeni, nyie mnaokaa na simu mkononi mkidhani siri zimeanza juzi.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kulikuwa na ofisi moja hapa Tabora iliyoshughulika na vijiji vya upande wa magharibi, kule reli inakoelekea Urambo na kuendelea. Niliingia pale kufagia na kupika chai. Ofisi ilikuwa na chumba kidogo cha nyuma chenye meza moja, dirisha moja na mzee mmoja, Mzee Maulidi. Alikuwa mtu wa mtaa wa Ng'ambo kama sisi, mrefu, mwembamba, kofia ya vitambaa, na alikuwa ameanza kupiga telegramu tangu enzi za mkoloni. Kazi yake ilikuwa kufunga zile habari ambazo hazikutakiwa kujulikana njiani: chakula cha akiba kiko ghala lipi, mkubwa gani anakuja kutembelea kijiji gani na siku gani.

Siku moja alinikuta nimesimama na ufagio nasoma karatasi iliyokuwa mezani kwake. Nikajua kazi imeisha.

"Unasoma nini hapo?"

"Sisomi, Mzee. Naona tu kwamba huyu aliyeandika anaipenda sana herufi D. Kila mahali D."

"Hiyo D ni A," akasema. "Weka ufagio chini. Mdomo wako ukoje?"

"Mama yangu anasema mchungu."

"Mchungu sawa. Unafungika?"

Ndivyo nilivyoajiriwa mara ya pili katika ofisi moja.

Somo la kwanza lilikuwa la kufuli. Alilitoa mfukoni, akaliweka mezani. Kufuli kama hili, akasema, kila mtu Tabora analijua linavyofanya kazi. Linauzwa dukani, fundi anaweza kulifumua ukaona vyuma vyake. Hata mwizi analo lake nyumbani. Sasa nyumba yako inalindwa na nini? Nikamjibu, na ufunguo. Akasema basi usihangaike kuficha kufuli, ficha ufunguo. Rehema ananiambia hilo kwao ni somo zima, lina jina la mzungu. Kwetu lilikuwa dakika tano na kikombe cha kahawa.

Kahawa yenyewe aliinywea mlangoni, amesimama. Hiyo ilikuwa sheria yake: kwenye meza ya kufungia hakuna kula wala kunywa. Mimi niliona ni uzee. Ishikeni hiyo sheria, nitairudia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujiona hodari. Nilibuni namna yangu ya kusogeza herufi, nikajaza ukurasa, nikampelekea kwa maringo. Alinifungulia kabla kahawa haijapoa. Alinionyesha mwisho wa kila neno, akasema, "Hesabu ni herufi ngapi tofauti zinazokaa mwishoni." Nikahesabu: tano tu. "Kiswahili chetu kila neno linamalizia kwa a, e, i, o au u. Umeyaacha maneno yamesimama mbalimbali, kwa hiyo umenionyesha mikia yao. Ng'ombe umemfunika blanketi, mkia uko nje, halafu unasema huyu ni meza." Tangu hapo niliandika herufi zote zimeshikana, kisha nikazikata tano tano kama matofali.

Nilimpenda yule mzee, nasema wazi. Sijapata mwalimu mwingine. Alinieleza kwamba babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba barua za Waarabu kutoka hapa hadi pwani, miezi mitatu kwa miguu, hajui hata alifu. "Ndiyo maana walimpa yeye," akasema. "Anayebeba si lazima ajue. Wewe fanya kazi yako hivyo hivyo, karatasi ipite mikono kumi na wote wawe kama babu yangu."

Sasa tuje kwa Lukas.

Lukas alikuwa karani wa upande wa pili, huko Usoke kwenye reli ya magharibi. Karatasi tulizofunga Tabora, yeye ndiye aliyezifungua. Mnyamwezi, Mkatoliki, baba yake mkulima wa tumbaku, kaka yake alikuwa anasomea upadri Kipalapala. Kila mwezi alikuja mjini na mfuko wa barua za ofisi, na nguo zake zilinukia tumbaku iliyokaushwa, harufu tamu nzito ambayo mpaka leo ikinipita barabarani nageuka. Mtu wa maneno machache. Mara ya kwanza kuongea nami alisema, "Wewe ndiye unayeandika saba yenye mkia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Inasomeka vizuri." Nyie mnasubiri maua na mioyo ya kwenye simu. Mimi hiyo saba ilinitosha mwezi mzima.

Tukaanza kuandikiana. Barua ya kawaida haikuwezekana. Binamu yangu alifanya kazi ya kupanga barua, na baba yangu, msomaji msikitini, asingekubali kusikia jina la Lukas na langu kwenye sentensi moja. Kwa hiyo tukatengeneza jedwali letu la kubadilisha herufi, na maneno yetu tukayapachika mwishoni mwa karatasi za ofisi, kama mkia wa tarakimu za kawaida. Tulijiona wajanja sana.

Asubuhi moja Mzee Maulidi akafunga mlango. Alikuwa na karatasi mkononi. Akasoma kwa sauti ya pole, kama anayesoma tangazo la msiba:

"Mwangaluka Zena. Mvua imenyesha. Nimeota uko hapa."

Nilitamani ardhi inimeze. Zena ndiye mimi.

"Umefunguaje, Mzee?" Sikuwa na aibu ya kutosha kunizuia kuuliza.

"Nimeanza na salamu. Huyu kijana ni Mnyamwezi, hawezi kukuomba hata maji bila mwangaluka. Nikaangalia mwanzo wa mkia: alama ya tatu, ya sita na ya kumi zinafanana. Mwangaluka, herufi ya tatu a, ya sita a, ya kumi a. Nikishapata hilo neno nina herufi nane mkononi, zilizobaki zinakuja zenyewe kama kuku kwenye mtama." Akaikunja karatasi. "Na wewe unamjibu vilevile, mwangaluka, wewe mtoto wa Ng'ambo. Adabu nzuri. Adabu ndiyo iliyowavua nguo."

"Utamwambia baba?"

"Nitamwambia baba yako nini, kwamba nimemfundisha binti yake miaka miwili na bado anafunga ovyo? Kosa lako si mwanaume. Kosa lako ni kufunga ovyo, tena kwenye karatasi za serikali. Zitoe humo. Kama ni lazima umwandikie, nitakufundisha kufunga kwa namna ambayo hata mimi sitafungua."

Nawaapia, hivyo ndivyo alivyosema. Hata mimi sitafungua.

Alinipa kete kumi za bao, nikaziandika kwa wino, sifuri mpaka tisa. Unazitia kwenye kopo la maziwa, unatikisa, unatoa moja, unaandika, unairudisha, unatikisa tena. Mwanzo nilichoka, nikaanza kujaza tarakimu za kichwani. Aliupitisha macho ule ukurasa akasema huu ni wa kichwani. Nikabisha. Akasema, "Hapa hakuna tarakimu iliyojirudia mfululizo hata mara moja, na saba ziko kila kona. Kichwa chako kina mazoea, Zena. Kete hazina." Nikarudi kwenye kopo.

Tulitengeneza madaftari mawili yanayolingana, moja langu na moja la Lukas. Tuliandika upande mmoja tu wa karatasi, na kila ukurasa ulikuwa na mistari kumi na moja, kila mstari nafasi kumi, kila nafasi tarakimu mbili. Herufi unaigeuza namba: A ni 01, N ni 14. Unaijumlisha na tarakimu za daftari bila kubeba kitu. N ni 14, daftari linasema 68: moja na sita ni saba, nne na nane ni kumi na mbili, kumi unaitupa, unaandika mbili. N imekuwa 72. Anayefungua anatoa badala ya kujumlisha. Ukurasa unatumika mara moja tu, kisha unachomwa siku hiyohiyo, na juu ya barua unaandika namba ya ukurasa ili mwenzako ajue afungue upi. Daftari la Lukas nilimkabidhi mkono kwa mkono, ndani ya mfuko wa karanga. Ufunguo haupelekwi pamoja na barua unayoifungua. Mkikosea hapo hayo mengine yote ni mchezo.

Tulikwenda hivyo mpaka ukurasa wa nane. Barua za Lukas zilikuwa za mistari mitatu, ikizidi minne. Mwangaluka ina herufi kumi, kwa hiyo salamu yake ilijaza mstari wa kwanza wote. Nilimtania, nikamwambia robo ya kila barua tunaimaliza kwa kuamkiana. Hakuacha. Nami sikuacha.

Kisha Iddi akaleta posa. Iddi alikuwa fundi cherehani wa Ng'ambo, mtu mpole, baba akampenda siku ileile. Nikapewa siku chache za kufikiri, maana yake siku chache za kukubali. Nikakaa kwenye meza ya ofisi wakati Mzee Maulidi amekwenda kuswali, nikafungua ukurasa wa tisa, nikaandika: baba amepokea posa, nikatae nikungoje au nikubali, kama unanitaka sema siku na mahali, nitakuja na nguo nilizovaa.

Sikuwa nimekula tangu jana yake. Kulikuwa na mkate na asali ya porini, ile nyeusi, nikala palepale huku nafunga. Kwenye meza. Nilipomaliza nikachana ukurasa, nikautia kwenye jiko la chai, nikauangalia mpaka ukawa majivu, kama nilivyofundishwa. Barua ikaenda kwa treni na mfuko wa ofisi.

Jibu likaja baada ya siku tano, mkono wa Lukas, saba zimenyooka. Juu kabisa ameandika 10. Nikachukua daftari langu, nikafungua. Baada ya ukurasa wa nane ulikuja wa kumi na moja.

Niligeuza mbele, nikageuza nyuma. Pembeni ya mshono palikuwa na vipande viwili vya karatasi vimeshikana, na vilipogusa kidole vikanata. Asali. Nilikuwa nimechana kurasa mbili nikidhani ni moja. Wa kumi niliuchoma mwenyewe, nikiwa nimeusimamia, kwa uangalifu mkubwa.

Nikamwendea Mzee Maulidi na karatasi na daftari. Aliangalia vile vipande, akavinusa. Akakaa kwenye kiti changu, na sikuwahi kumwona akikaa hapo.

"Fungua, Mzee," nikamwambia. "Zile za mwanzo ulifungua asubuhi moja."

"Zile ulizifunga ovyo."

"Salamu unaijua. Ni mwangaluka. Mstari wa kwanza wote ni mwangaluka, nakuhakikishia."

"Najua. Ukiifungua salamu utapata tarakimu ishirini za daftari, za mstari wa kwanza. Za mstari wa pili zilitoka kwenye kopo peke yake, haziijui salamu wala hazikujui wewe." Alivua kofia akaiweka magotini. "Nimekufundisha vizuri mno, mwanangu."

Nilimwandikia Lukas kwa maneno ya wazi, liwalo na liwe, aisome nani asiisome nani: ukurasa wa kumi umeungua, niandikie tena. Mfuko uliporudi, barua yangu ilikuwa ndani yake haijafunguliwa, na karani mgeni ameandika juu ya bahasha kwamba Ndugu Lukas amehamishwa na ameshaondoka. Mzee Maulidi aliulizia kwa watu wake. Mara wakasema Mpanda, mara Sumbawanga. Niliandika kote. Kote palikuwa kimya.

Kwa kuwa sikujua siku wala mahali, nilikwenda stesheni kila treni ya kutoka Kigoma ilipoingia, nimevaa zile nguo. Nilikwenda hivyo mpaka mpiga kengele akaanza kunisalimia kwa jina. Huenda aliniambia nimfuate Usoke, na yeye ndiye aliyesimama kule akitazama treni za kutoka Tabora, hanioni, akasema moyoni mwake nimekubali fundi. Huenda aliniambia niolewe kwa heri. Vyote viwili vinatosha ndani ya ile karatasi.

Nikaolewa na Iddi baada ya Ramadhani. Nisimdhulumu marehemu: alikuwa mume mzuri, alinishonea nguo mpaka kaburi likamchukua, na nyie wote mnaojiita wajukuu zangu mmetoka kwake. Nilimweleza habari ya ile karatasi mwaka wa pili wa ndoa. Akaniuliza, "Bado imefungwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi iweke," akaendelea kushona.

Kazi nilibaki nayo. Mzee Maulidi alipofariki meza ikawa yangu, nikawafundisha vijana wanne, na wa kwanza niliyemkuta na andazi pale mezani nilimtoa nje na andazi lake. Baadaye zikaja mashine, ukibonyeza inafunga yenyewe. Wakaniaga kwa soda na saa ya ukutani.

Sasa turudi barazani, kwa Rehema. Nilimletea ile karatasi. Sikuwa nimeitoa tangu Iddi afe. Nikamwambia, kompyuta yenu si inajua kila kitu, haya.

Aliuliza maswali ya maana, nikajua anasoma kweli. Ufunguo ulitoka kwenye kete? Ulitumika mara moja tu? Ulikuwa mrefu sawa na ujumbe? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kila ndiyo ilimshusha mabega.

"Bibi, hii haifunguki. Hata wakikusanya kompyuta zote za dunia. Kila ujumbe wa urefu huu unaweza kuwa humu, na hakuna cha kuonyesha upi ni wa kweli."

"Hilo nalijua, mama."

Nalijua kwa sababu nimelifanya. Miaka ya nyuma, Iddi akiwa kazini na watoto shule, nilikaa na penseli nikatengeneza ukurasa wa kumi wa uongo, tarakimu kwa tarakimu, mpaka mstari wa pili ukasoma njoo kwangu. Ulikaa sawasawa kabisa. Nikaufurahia kama robo saa hivi. Halafu nikauchana, kwa sababu sauti ilikuwa yangu, si yake, na kwa tarakimu nyingine mstari huohuo ungesema usije nenda. Ningeweza kumfanya Lukas aseme chochote. Hapo ndipo nililia, si siku ile ya asali.

Rehema alikuwa bado ameishika karatasi kwenye mwanga. "Kitu kimoja tu hakifichiki kwa namna hii, Bibi," akasema. "Urefu. Huwezi kuficha mtu ameandika kiasi gani."

Nikaichukua, nikaihesabu mistari kwa kidole kama sijawahi kuihesabu. Mstari wa kwanza ni salamu, huo nausoma bila daftari. Chini yake iko kumi mingine, imejaa, nafasi hata moja haikubaki. Mtu wa mistari mitatu, ikizidi minne. Kila herufi alikaa akaigeuza namba, akaijumlisha na tarakimu nilizomtolea mimi kwenye kopo, akaandika, akaenda nyingine, mpaka ukurasa ukamwishia mkononi.

Osheni mikono mkiwa kazini, wanangu. Mimi naenda kuirudisha chini ya kanga.